Safari ya mwezi huu: Gihosha, kwa simu moja na fimbo moja

Kama mnavyojua, ukurasa huu hutupeleka kila mwezi mahali ambapo familia fulani ya hapa kambini ilitoka. Mwezi huu tunakwenda Bujumbura, Burundi, katika mtaa wa Gihosha. Safari yenyewe haikuhitaji basi wala karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Walioifanya ni watoto wa gredi ya 5 wa shule moja ya hapa Kakuma, wakiwa wamekaa chini ya mti, na mimi nilikuwa nao kama mkalimani, kwa sababu Gihosha ndiko nilikozaliwa.

Tuanze na mahali penyewe, ndipo tufike kwenye simu.

Mgeni akifika Bujumbura kwa mara ya kwanza huona ziwa, akadhani mji wote ni ziwa. Gihosha iko upande mwingine. Ukitoka mjini kati ukaelekea kaskazini-mashariki, barabara inaacha tambarare na kuanza kupanda, na kila ukipanda hewa inapoa kidogo. Zamani Gihosha ilikuwa komuni inayojitegemea. Baadaye jiji likapangwa upya, ikawa zoni ndani ya komuni ya Ntahangwa. Wenyeji hawakubabaika na mambo hayo ya karatasi. Mtu bado hujitambulisha kuwa ni wa Gihosha, au wa Gikungu, au wa Gasenyi. Hapo Gasenyi ndipo Wachina walipojenga ikulu, ikakabidhiwa mwaka 2019, wakati makao makuu ya siasa yameshahamishiwa Gitega! Kwa hiyo usishangae: mtaa huo huo una ikulu, una nyumba za ghorofa zenye maua getini, na ukishuka kidogo tu unakuta nyumba za matofali ya udongo, migomba na mihogo iliyopandwa hadi ukingoni mwa korongo.

Makorongo ndiyo habari kubwa ya Gihosha, kuliko ikulu. Vijito kama Nyabagere na Gasenyi vinashuka kwa kasi kutoka milimani. Kiangazi unavivuka kwa kuruka mawe. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanakuja ya kahawia, yanavuma, yanakula kingo, na ua wa mtu unaanguka, kisha choo, kisha chumba. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari mwaka 2014 maji ya milima hiyo yaliteremka hadi mitaa ya kaskazini ya jiji, Kamenge na Kinama, yakaua watu zaidi ya 60. Sisi tuliokulia huko tunajua kulala na sikio moja wazi mwezi wa pili hadi wa nne.

Lakini jioni, mvua ikikatika, hakuna mahali pazuri kama juu ya Gihosha. Magharibi unaliona ziwa Tanganyika lote limelala, na ng'ambo yake milima ya Kongo, ile iliyo juu ya Uvira. Giza likiingia, taa za wavuvi wa ndagala zinaanza kuonekana majini moja moja, utadhani mji mwingine umejengwa juu ya ziwa. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 hivi mahali penye kina zaidi. Duniani linazidiwa na moja tu, Baikal la Urusi. Watoto wetu wa hapa wanaolijua lagga la Tarach tu, mto ambao miezi mingi ni mchanga mtupu, ukiwaambia hivyo wanakuangalia kama unawapiga fiksi.

Na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Watoto wangu wawili wamezaliwa hapa. Gihosha kwao ni neno ambalo mama hulitamka akipika. Nimewasimulia mpaka nikachoka.

Basi, rafiki yangu mmoja niliyekaa naye dawati moja utotoni sasa ni mwalimu huko huko Gihosha, anafundisha mwaka wa 5 wa shule ya msingi. Tulikuwa tunasalimiana kwa WhatsApp. Siku moja mwanzoni mwa mwaka 2025 akaniuliza, "Hivi darasa langu haliwezi kuongea na darasa la huko kwenu?" Nikampelekea swali hilo mwalimu wa gredi ya 5 wa hapa. Akasema tujaribu.

Masomo kwa video si jambo geni Kakuma. Mwaka 2015 mwalimu mmoja wa Ubelgiji, Koen Timmers, alianza kuwaunganisha wanafunzi wa kambi hii na walimu wa nje kwa programu ya Skype. Alituma laptopu yake mwenyewe, na baadaye walimu zaidi ya 100 wa nchi mbalimbali wakajitolea kufundisha hesabu, sayansi na Kiingereza bila malipo. Ni jambo kubwa, na walioonja masomo yale bado wanayasimulia. Skype yenyewe ilifungwa mwezi wa tano mwaka 2025, lakini njia ilishafunguliwa, na leo simu ya kawaida inatosha kufanya kazi hiyo.

Pamoja na heshima zote, nina neno moja. Katika masomo mengi ya namna ile, aliye mbali ndiye anayejua na wa kwetu ndiye anayesikiliza. Mtoto wa kambini anazoea kupokea: mgao, daftari, sare, na sasa somo. Sikutaka Gihosha nayo iwe mgao mwingine. Ila namna ya kulizuia hilo nilikuwa siijui bado, na simu yetu ya kwanza haikunisaidia.

Simu hiyo tuliipiga mwezi wa pili. Rafiki yangu alitembea na simu mkononi kuanzia getini mwa shule hadi mahali ziwa linapoonekana. Watoto wetu 40 na zaidi walibanana mbele ya kioo cha simu kisichozidi kiganja. Wa mbele waliona ziwa, wa nyuma waliona visogo. Maswali yalikuwepo, tena mazuri. Mmoja aliuliza maji yote yale jerikani moja inauzwa bei gani. Mwingine akauliza mbona barabarani hakuna magari. Jibu likawa mafuta yamekosekana Burundi, watu wanalala foleni kwenye vituo. Kutoka upande wa pili mtoto akauliza kama Kakuma kuna miti. Tukamwonyesha mti wetu. Akasema, "Ni huo tu?" Watoto wetu wakacheka, lakini si wote.

Baada ya dakika kumi mazungumzo yakaisha. Watoto walibaki kupunga mkono na kujiangalia kwenye kile kidirisha kidogo cha pembeni, wanatoa ulimi. Walimu wote wawili waliona jambo hilo hilo: watoto hawakuwa na kazi. Wakubwa tukipigiana simu tuna habari za kupeana, za ndoa, wagonjwa, madeni. Watoto wa miaka kumi na mmoja wasiojuana wataongea nini?

Kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Jioni ile mama mmoja jirani alikuja kwangu hana raha. Mwanawe yuko darasa lile. Akaniambia, "Dada, mimi sikukimbia ili sura ya mtoto wangu ionyeshwe huko nilikotoka." Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa kijarida hiki maana ya maneno hayo. Kila nyumba hapa ina sababu zake. Wengine jamaa zao wa nyumbani hawajui waliko, na wanataka ibaki hivyo. Simu ya video haionyeshi mtoto peke yake; inaonyesha shule, kibao chenye jina, na yeyote anayepita nyuma. Na aliye upande wa pili anaweza kupiga picha ya kioo chake kwa kidole kimoja, wewe usijue.

Tulikaa na walimu na wazazi chini ya mti ule ule tukapanga masharti. Hakuna mtoto kutaja jina lake lote wala la baba yake. Hakuna kurekodi, hakuna kupiga picha ya kioo, pande zote mbili. Kamera itazame kazi na mikono, si nyuso. Mzazi akisema hapana, ni hapana, wala haulizwi kwa nini, na mtoto wake asiachwe nje ya somo. Sharti hili la mwisho lilileta ubishi. Baba mmoja aliuliza utamshirikishaje mtoto kwenye video bila kuwa kwenye video. Mtaona.

Kazi ilitafutwa na mwalimu wa hapa, na ninampa sifa zake hadharani. Alifungua ramani akatuonyesha kitu ambacho mimi, mzaliwa wa Gihosha na mkaazi wa Kakuma, sikuwa nakijua. Gihosha iko kusini mwa ikweta kwa digrii 3 na theluthi hivi. Kakuma iko kaskazini mwa ikweta kwa digrii 3 na robo tatu hivi. Ikweta inapita katikati yetu karibu sawa kwa sawa, kama mstari wa uwanja wa mpira. Na mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, jua linapita juu ya mstari huo. Mwaka 2025 siku hiyo ilikuwa Alhamisi tarehe 20 Machi.

Sasa fikirini. Jua likiwa juu ya ikweta saa sita, sisi tulio kaskazini yake tunaliona limeinama kidogo upande wa kusini, kwa hiyo kivuli cha fimbo kinaangukia kaskazini. Wa Gihosha wanaliona limeinama kaskazini, kivuli chao kinaangukia kusini. Jua ni lile lile, siku ni ile ile, vivuli vinapeana mgongo. Mtoto wa Kakuma hawezi kuliona hilo peke yake hata akikaa juani mwaka mzima. Wa Gihosha naye hawezi. Kila upande una nusu.

Vifaa vilikuwa fimbo ya mita moja kila upande, imesimamishwa wima kwa msaada wa uzi uliofungwa jiwe, rula, vijiti vya kuchomeka ardhini penye ncha ya kivuli, na jivu la kuandikia herufi chini, KZ upande wa kaskazini na KS upande wa kusini. Hizo herufi ni muhimu, msizidharau. Ile kamera ya mbele ya simu hukuonyesha wewe mwenyewe kama kwenye kioo, kushoto kunakuwa kulia, na watoto wanaanza kubishana. Tumieni kamera ya nyuma na herufi za ardhini, ubishi unakwisha.

Kulikuwa pia na hesabu ya saa, ambayo peke yake ilichukua vipindi viwili. Burundi iko nyuma ya Kenya kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa 7 mchana, kwao ni saa 6. Lakini jua halifuati saa za serikali. Dunia inazunguka digrii moja kila dakika 4, na sisi tuko mashariki ya Gihosha kwa digrii 5 na nusu, kwa hiyo jua hufika juu yetu dakika 22 kabla ya kufika juu yao. Siku ile adhuhuri ya kweli ya Kakuma ilikuwa saa 6 na dakika 48, saa za Kenya. Ya Gihosha ilikuwa saa 6 na dakika 10, saa za Burundi, ambayo kwetu ni saa 7 na dakika 10. Watoto walipiga hesabu hiyo ubaoni mpaka wakaielewa kuliko mimi.

Siku yenyewe ilikuwa ndani ya Ramadhani. Watoto waliofunga walipewa kazi ya kuandika vipimo kivulini. Na mtoto wa yule mama jirani akapewa kazi ya saa. Shule yetu kengele yake ni ringi ya gurudumu iliyoning'inizwa mtini. Kila baada ya dakika 5 alitakiwa kuigonga mara moja, na hapo ndipo kijiti kinachomekwa penye ncha ya kivuli. Bila yeye hakuna kipimo. Alikuwa nyuma ya kamera muda wote na hakusema neno.

Saa 6 na dakika 40 tukapiga simu ya kwanza. Gihosha wakaona fimbo yetu, na kivuli kifupi, kama urefu wa kidole gumba, kimeelekea KZ. Kengele ikalia, kijiti kikachomekwa. Sauti ya mtoto ikatoka kwenye simu: "Nani anagonga hiyo?" Mwalimu akajibu, "Mtunza saa wetu." Wakaomba agonge tena. Nilimtazama yule kijana nyuma ya mti, alikuwa ameuma mdomo ili asitabasamu. Tulipima sentimita 6 na nusu. Tukakata simu kuokoa bando.

Niseme kidogo kuhusu lugha. Watoto wa Gihosha wanajifunza Kiswahili shuleni kama somo, lakini wengi nyumbani ni Kirundi. Kivuli wanakiita igitutu, jua izuba. Nilijiandaa kutafsiri sana, kumbe darasa lao lilikuwa na wageni. Mapigano ya Kivu mwanzoni mwa mwaka ule wa 2025 yalivusha maelfu ya Wakongo hadi Burundi, na wasichana wawili kati yao walikuwa wameingia darasani mle. Kiswahili chao ni cha Bukavu, kinatiririka. Wao ndio waliokuwa wasemaji wa upande wa pili. Watoto wetu walipogundua kwamba wanaoongea nao ni wakimbizi pia, wakaacha kuuliza bei ya maji. Wakauliza, "Na nyinyi mnapewa shule bure?"

Saa 7 na dakika 5 tukapiga tena. Tukakuta huzuni. Wingu! Machi ni mwezi wa mvua Bujumbura, tungetegemea nini. Walikuwa wamepata alama tatu tu, za saa 5:45, 5:50 na 5:55 za kwao, kisha wingu likafunika na adhuhuri yao ilikuwa inakuja bila kivuli. Mwalimu wao alikuwa anasema basi, watarudia kesho.

Hapo msichana mmoja wa kwetu, ambaye kwa kawaida huwa hanyanyui mkono, akachuchumaa penye vijiti vyetu. Tulikuwa na zaidi ya kumi. Akasema, "Mwalimu, vimekaa mstari." Kweli. Vijiti vyote vilikuwa vimejipanga sawasawa kutoka magharibi kwenda mashariki, kama vimepigwa rula. (Mwalimu alinieleza baadaye kwamba jambo hilo hutokea siku hizo za Machi na Septemba tu. Siku nyingine ncha ya kivuli hupinda njia.) Msichana akageukia simu akawaambia wa Gihosha: "Si mna vijiti vitatu? Vuteni uzi juu yake, muuendeleze mbele. Kivuli chenu lazima kitapita hapo."

Wakavuta uzi. Tuliona mikono tu, midogo, yenye tope, ikifunga uzi kwenye kijiti. Halafu wakapima umbali mfupi kabisa kutoka mguu wa fimbo hadi kwenye uzi, upande wa KS. Karibu sentimita 6. Wakapima adhuhuri yao chini ya wingu, bila jua.

Lakini je, ni kweli? Wengine wa kwetu walisema ni kubahatisha tu. Tukakata simu, tukasubiri. Bando ilikuwa imebaki kidogo. Saa 7 na dakika 24 simu ikaita yenyewe, wametupigia wao. Wingu lilikuwa linapasuka. Kwenye kioo kulikuwa na ardhi, uzi na fimbo, hakuna kivuli. Kisha kivuli kikaja taratibu, hafifu, kikakolea. Ncha yake ilikuwa imelala juu ya uzi.

Kelele zilizopigwa hapa shuleni ziliwatoa walinzi getini. Kelele za upande wa pili zilikuwa kubwa mpaka spika ya simu ikakwaruza. Kijana wa kengele aligonga mfululizo bila kujali dakika 5.

Kesho yake walimu waliwamalizia hesabu. Walivuta uzi kutoka ncha ya fimbo hadi ncha ya kivuli, wakapima pembe. Pembe yetu na yao kwa pamoja ni digrii 7 na kitu kidogo. Kwenye ramani, kutoka usawa wa Gihosha kwenda juu hadi usawa wa Kakuma ni kama km 785. Kama digrii 7 ni km 785, digrii 360 za dunia nzima ni ngapi? Watoto walipata zaidi kidogo ya km 40,000. Vitabu vinasema 40,008 ukizunguka kupitia ncha za dunia. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita msomi Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria, Misri, alifanya hesabu ya aina hiyo kwa kivuli pia, na pembe yake ilikuwa digrii 7.2. Yeye hakuwa na simu. Sisi hatukuwa na maktaba.

Kwa mwalimu atakayetaka kuiga, niseme gharama waziwazi. Simu zote tatu hazikufika nusu saa, na zilikula bando chini ya MB 200. Simu ilikuwa ya mwalimu, chaji ilitoka kwenye sola ya duka la jirani. Mzazi mmoja alilalamika kwamba mwaka huu mgao umepunguzwa na nyinyi mnanunua bando ya kutazama vivuli. Simlaumu. Nilimwambia gharama ilikuwa pungufu ya kile anachotumia mwanawe mkubwa kwa mpira wiki moja, akacheka, akasema huyo mkubwa naye ataongea naye. Darasa lenye watoto wengi lisijaribu kuwabananisha wote mbele ya simu. Wagawane kazi, wawili watatu tu ndio washike simu kwa zamu. Na upande wa pili uwe na kitu ambacho nyinyi hamna, na nyinyi muwe na kitu ambacho wao hawana. Inaweza kuwa mvua. Inaweza kuwa bei ya nyanya sokoni, au maneno ya mchezo wa kuruka kamba.

Yule mama jirani alikuja tena baada ya siku chache. Alitaka kujua kama ni kweli mtoto wake ndiye aliyekuwa anaongoza saa za Gihosha. Nikamwambia ndiyo, na hakuna aliyemwona. Akauliza kama ziwa bado linaonekana kutoka kule juu penye mikaratusi. Sikujua kama na yeye ni wa pande zile. Miaka yote hii hakuwahi kusema. Nikamwambia linaonekana.

Mtoto wangu mdogo naye sasa ana swali jipya kila usiku. Haulizi tena Gihosha iko wapi. Anaelekeza mkono kusini-magharibi, juu ya paa la jikoni, anauliza kama huko mvua imenyesha leo, na kama lile korongo limekula ukuta wa shule. Rafiki yangu anasema bado, limebakiza hatua ishirini hivi. Watoto wake wanazipima kila mwisho wa mwezi kwa kamba, na vipimo vinatumwa huku tunavibandika ukutani karibu na vipimo vya lagga letu.

Jua litarudi juu ya ikweta mwezi wa tisa, tarehe 22 au 23. Adhuhuri yetu safari hiyo itakuwa saa 6 na dakika 33, na ya Gihosha saa 5 na dakika 55 kwa saa zao. Wazazi wa gredi ya 5 wanaombwa kuleta jibu lao la ndiyo au hapana kwa mwalimu wa darasa kabla ya shule kufunguliwa. Fimbo na uzi vipo. Kinachotafutwa ni mtunza saa mpya, maana wa kwanza amepanda gredi ya 6 na anasema ringi ile haigongwi na mtu hivi hivi, lazima kwanza amfundishe.